Sura ya Tano: Kitu na Kiti Chake

Basi la Dar es Salaam likifika Mombo, abiria wa milimani hushusha mizigo yao na kutafuta gari la kupandisha. Barabara inajipinda kufuata kuta za bonde, inapita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilomita thelathini na kidogo inaingia Lushoto. Ni mwendo mfupi, lakini ndani yake abiria amepita halmashauri tatu. Mombo ni ya Korogwe, Soni ni ya Bumbuli, na mji aliofikia ni wa Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto. Hakuna aliyemwambia, na hakuhitaji kuambiwa. Alitaka kufika Lushoto, na amefika.

Lakini amefika Lushoto ipi? Lushoto ni mji. Ni kata. Ni jimbo la uchaguzi. Ni halmashauri. Tena ni wilaya, na wilaya hiyo ina halmashauri mbili ndani yake, ya Lushoto na ya Bumbuli, na majimbo matatu: Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Mtu wa Soni akiwa Dar es Salaam atasema kwao ni Lushoto, na hajadanganya, maana wilaya yake ni Lushoto. Siku akihitaji kibali cha halmashauri, Lushoto si kwake.

Watu wawili wakizungumza, maana hujipanga yenyewe. Msikilizaji anajua habari ni ya kura, ya ushuru au ya nauli. Kompyuta haina msaada huo. Ukiiandikia neno "Lushoto" kwenye safu moja ya jedwali, itazichanganya Lushoto zote tano, na siku ya ripoti itakupa jumla yenye tarakimu nadhifu ambayo haihusu mahali popote.

Sura hii inahusu namna ya kuzuia kosa hilo. Hoja yake ni moja: kitu na kiti chake ni mambo mawili. Kijiji ni kitu. Kuwa chini ya kata fulani ni kiti. Mmea ni kitu. Jina ambalo wataalamu wameupa ni kiti. Viti hubadilishwa na watu, kwa sheria, kwa kura au kwa utafiti mpya. Vitu hubaki. Makosa mengi niliyoyaona katika kanzidata, na mengi niliyoyafanya kwa mikono yangu, yalitokana na kuviandika viwili hivyo kama kimoja.

Ngazi za aina mbili

Tunasema "ngazi" kwa mambo mawili yasiyofanana. Kuna ngazi ya sehemu: kitongoji kimo ndani ya kijiji, kijiji ndani ya kata, kata ndani ya tarafa, tarafa ndani ya wilaya, na wilaya ndani ya Mkoa wa Tanga. Halafu kuna ngazi ya aina: msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ni aina ya msitu wa hifadhi, na msitu wa hifadhi ni aina ya msitu. Mwaka 1977 John Smith na Diane Smith walichapisha makala iliyozitenganisha ngazi hizi mbili kwa ajili ya wabunifu wa kanzidata, mwaka mmoja tu baada ya Peter Chen kuwafundisha watu kuchora vitu na mahusiano yao kabla ya kujenga majedwali.

Ukitaka kuzipambanua, isome sentensi kwa sauti. "Kila msitu wa hifadhi ni msitu" inakubalika. "Kila kijiji ni kata" inakataliwa hata na mtoto wa shule. Ukiweza kusema "kila hiki ni kile", uko kwenye ngazi ya aina. Ukilazimika kusema "hiki kimo ndani ya kile", uko kwenye ngazi ya sehemu.

Tofauti hii ina kazi kubwa, kwa sababu ngazi ya aina hurithisha na ngazi ya sehemu hujumlisha. Kila msitu una eneo na mipaka, kwa hiyo na Magamba, msitu wa hifadhi ulio juu ya mji wa Lushoto, una eneo na mipaka. Hayo umerithi kwa kuwa msitu. Kijiji hakirithi idadi ya watu wa kata yake. Watu wa vijiji ndio wanaojumlishwa mpaka wakawa watu wa kata. Mbunifu akizichanganya ngazi hizi atajikuta anajumlisha kinachorithiwa na kurithisha kinachojumlishwa.

Tukae kidogo msituni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaigawa misitu ya Tanzania bara katika makundi manne: ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Katika Usambara utayakuta makundi hayo yakiwa jirani. Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mazumbai, upande wa Bumbuli, inatunzwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa mafunzo na utafiti. Misitu ya vijiji ina kamati zake. Kila aina ina mambo yake ya kuandikwa: kamati, mpango wa matumizi, tangazo la serikali, utafiti unaoendelea.

Unaweza kuyaweka yote kwenye jedwali moja pana. Utapata safu nyingi tupu, na hutajua kama nafasi tupu maana yake ni "haijulikani" au "haihusiki". Unaweza kuipa kila aina jedwali lake. Basi siku ukiulizwa habari ya misitu yote, utaanza kushona vipande. Njia ya tatu ni jedwali mama lenye sifa za kila msitu, na majedwali madogo ya kila aina yakiwa yamefungwa kwa mama kwa ufunguo mmoja. Mimi huchagua njia hii pale aina zinapokuwa na kanuni tofauti. Zikitofautiana kwa safu moja au mbili tu, jedwali moja linatosha.

Mtoto mwenye wazazi wawili

Kanzidata kubwa za mwanzo zilikuwa miti. Mwaka 1966 IBM na wenzake walianza kujenga mfumo ulioitwa IMS, kwa ajili ya kuorodhesha sehemu za roketi za mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Roketi imegawanyika katika sehemu kubwa, sehemu kubwa katika ndogo, mpaka kwenye skrubu. Kila sehemu ilikaa chini ya mzazi wake, na aliyetaka habari alianzia juu akashuka tawi kwa tawi. Kwa kazi hiyo mti ulifaa sana.

Shida huja pale mtoto anapokuwa na wazazi wawili. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza mwenye elimu ya hisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alichapisha makala iliyopendekeza njia nyingine: andika kila ukweli kama mstari katika jedwali, na umwache mwulizaji aanzie popote anapotaka. Kanzidata nyingi tunazotumia leo, za benki, za hospitali na za kodi, zimesimama juu ya wazo hilo.

Kata ya Mlalo ni mfano mzuri. Kwa utawala iko Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto. Kwa kura iko Jimbo la Mlalo. Ukiipa safu moja iliyoandikwa "mzazi", utalazimika kumchagua mmoja na kumkana mwingine. Dawa yake ni kuondoa uhusiano ndani ya kata na kuupa jedwali lake wenyewe, lenye safu tano: cha chini, cha juu, uhusiano wa nini, tangu lini, hadi lini. Mstari mmoja utasema Kata ya Mlalo, Halmashauri ya Lushoto, utawala. Mstari wa pili utasema Kata ya Mlalo, Jimbo la Mlalo, uchaguzi. Yote mawili ni kweli, na hakuna anayemzuia mwenzake.

Safu mbili za mwisho, zile za tarehe, ndizo wabunifu wachanga huziacha kwa haraka. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Wilaya ya Lushoto kuwa na watu 492,441. Mwaka 2013 Bumbuli ikawa halmashauri inayojitegemea, na eneo lake lilikuwa na watu zaidi ya 160,000 katika hesabu hiyohiyo. Kanzidata isiyo na tarehe, ikilinganisha "Lushoto" ya 2012 na "Lushoto" ya miaka iliyofuata, itaonyesha watu wengi wametoweka. Mtu akiisoma ripoti hiyo akiwa mbali atatafuta njaa, ugonjwa au uhamaji. Hakuna aliyehama. Kata ya Soni ilikuwa palepale, maporomoko yake palepale, na wenyeji wake walilala na kuamka katika nyumba zilezile. Kilichobadilika ni mstari mmoja: Soni chini ya Lushoto hadi 2013, Soni chini ya Bumbuli tangu 2013.

Jedwali la namna hii lina masharti yake, na ni vizuri kanzidata yenyewe iyasimamie. Kitu kisiwe babu wa nafsi yake, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Kwa siku yoyote utakayoitaja, kata iwe na halmashauri moja tu. Tarehe za mstari mpya zisipandane na za mstari wa zamani. Ukiyatimiza hayo, lugha ya SQL, ambayo tangu toleo la mwaka 1999 ina njia rasmi ya kuuliza swali linalojirudia ngazi kwa ngazi, itakupandisha kutoka kitongoji hadi mkoa, kwa tarehe yoyote unayotaka.

Namba inayosema sana

Wilaya ya Lushoto ina kata mbili zenye jina la Dule. Ili zisichanganywe, moja huandikwa Dule "M" na nyingine Dule "B", ya pili ikiwa upande wa Bumbuli. Waliotia herufi hizo walifanya kazi ya mbunifu wa kanzidata kabla ya kanzidata: waliona kwamba jina halitoshi kutambulisha, wakaongeza alama.

Serikali imeliendeleza wazo hilo katika postikodi. Postikodi ya Tanzania ina tarakimu tano. Ya kwanza ni kanda, ya pili ni mkoa, ya tatu ni wilaya, na mbili za mwisho ni kata. Namba inayoanza na 21 ni ya Tanga, na mpanga barua anajua hivyo bila kufungua kitabu. Kwa barua na kwa anwani za makazi, ni mpango mzuri.

Mbunifu akiuona mpango huo hushawishika kuifanya postikodi kuwa ufunguo wa jedwali lake la kata. Nakusihi usifanye hivyo. Namba hiyo imebeba ngazi nzima tumboni mwake. Kata ikihamishiwa wilaya nyingine, namba italazimika kubadilika, na kila kilichofungwa kwayo, mkopo wa mkulima, kadi ya kliniki, risiti ya ushuru, kitabaki kinaning'inia. Ipe kata namba bubu, namba isiyosema chochote: 4817 iwe 4817 tu, haina mkoa wala kanda ndani yake. Postikodi iandikwe pembeni kama sifa, pamoja na tarehe yake. Namba isiyosema kitu haiwezi kuja kusema uongo.

Ua lililohama bila kung'oka

Mfano ulio wazi kuliko yote umeota katika milima hii yenyewe. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika Tanga, aliukuta mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani, mmea unaopenda kivuli na miamba yenye unyevu. Alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaupa jina Saintpaulia ionantha. Wajerumani hadi leo huliita ua hilo urujuani wa Usambara, na watoto wa watoto wake wamejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani.

Miaka ikapita, na kila bonde lilipotoa mmea wenye jani tofauti kidogo, wataalamu waliupa jina lake. Spishi zikafika kama ishirini. Moja iliitwa shumensis, kwa heshima ya Shume, juu kabisa huko Lushoto. Nyingine iliitwa grotei. Mwaka 2006 Iain Darbyshire alizipitia upya zote akabakiza spishi sita. Shumensis ilibaki kwenye kiti chake. Grotei ilishushwa, ikawa nususpishi chini ya ionantha. Halafu mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, jenasi nzima ya Saintpaulia iliingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus, na ua la mwaka 1893 sasa linaitwa Streptocarpus ionanthus.

Fikiria mtunza kumbukumbu aliyelifanya jina la kisayansi kuwa ufunguo wake. Mwamba mmoja wenye mmea mmoja utaonekana katika ripoti zake kama miamba mitatu yenye mimea mitatu, kulingana na mwaka ambao mtu alipita hapo. Mimea hii ya porini inaota Tanzania na Kenya tu, na mingine ina makazi machache mno. Kuhesabu vibaya kunaweza kumfanya mtu aamini ipo mingi wakati imebaki michache. Mmea wenyewe, kule mwambani, haukusogea hata sentimita moja.

Watu wa mimea walilitatua tatizo hili kwa karatasi na gundi, muda mrefu kabla ya kompyuta. Ichukue karatasi moja ya mmea uliokaushwa, kama zinavyohifadhiwa katika maktaba za mimea duniani kote. Mmea umebanwa katikati. Pembeni chini kuna lebo ya aliyeuchuma: jina lake, namba aliyoupa, mahali, tarehe. Namba hiyo haibadiliki kamwe. Juu yake kuna kikaratasi chenye jina la kisayansi, jina la mtaalamu aliyelitoa, na mwaka. Mtaalamu wa baadaye asipokubaliana naye, habandui kikaratasi cha kwanza. Anabandika chake kando, chenye jina jipya, jina lake na mwaka wake. Karatasi ya zamani inaweza kuwa na vikaratasi vitatu au vinne, na kila kimoja ni ushahidi wa nani aliamini nini, na lini.

Kila nikianza kubuni kanzidata, naikumbuka karatasi hiyo. Namba ya mchumaji ni ufunguo bubu. Vikaratasi ni jedwali la uhusiano lenye tarehe na mwenye kauli. Hakuna kinachofutwa. Ukijenga mfumo wako uwe mwaminifu kama karatasi hiyo, utakuwa umefanya kazi ya maana.

Siku mfalme alipofariki Vugha

Kuna jambo jingine ambalo milima hii ilijifunza kwa uchungu. Katika karne ya kumi na tisa Wakilindi waliitawala Usambara kutoka Vugha, mahali ambapo leo ni kata ya Vuga, Bumbuli. Mfalme mashuhuri kuliko wote, Kimweri ye Nyumbai, aliwaweka wanawe kutawala sehemu mbalimbali za nchi. Ngazi ilikuwa imara, kwa sababu kila mtawala mdogo alimtii baba yake.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Aliyekaa Vugha baada yake alikuwa mjukuu, Shekulwavu. Ghafla wale watawala wa majimbo hawakuwa tena wana wa mfalme; walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Utii waliompa baba hawakuona kwamba wanadaiwa na mtoto wa ndugu yao. Semboja, mwana wa Kimweri aliyekuwa Mazinde, chini kwenye tambarare, aliinuka, na kabla muongo huo haujaisha Shekulwavu alikuwa ameondolewa Vugha. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy ameyaandika mambo ya ukoo huo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, na msomaji wa leo anapaswa kukitafuta kitabu hicho.

Sidai kwamba vita ile ililetwa na kumbukumbu mbaya. Ilikuwa na sababu zake za biashara, silaha na siasa. Lakini inaonyesha wazi jambo ambalo mbunifu hukutana nalo katika kila ofisi: ngazi iliyofungwa mtu kwa mtu hukatika mtu anapoondoka. Ngazi inayodumu hufungwa kiti kwa kiti. Ukiandika kwamba mtendaji wa kijiji anaripoti kwa Fulani, siku Fulani akihamishwa vijiji vyote vya kata vitabaki yatima katika mfumo wako. Andika kwamba kiti cha mtendaji wa kijiji kinaripoti kwa kiti cha mtendaji wa kata. Kisha, katika jedwali la pembeni, andika nani amekalia kiti kipi, tangu lini hadi lini. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, wenyeviti wa vijiji na vitongoji walichaguliwa kote Tanzania bara. Mfumo uliobuniwa vizuri ulipaswa kubadilisha jedwali moja tu, lile la wakaliaji. Viti vilikuwa palepale.

Lumbesa

Sasa tuje kwenye kanuni, na hapa nina deni la kukiri.

Milima ya Usambara hulisha miji kwa viazi, kabichi, karoti na nyanya. Viazi hushuka kwa magunia, na gunia lina ugomvi wake wa siku nyingi. Mnunuzi hulijaza mpaka mdomoni, kisha hushonea kilemba juu yake kwa kamba ya katani, kilemba kinachoweza kubeba debe zima na zaidi. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hulipwa kwa gunia, kwa hiyo kilemba chote ni hasara yake. Sheria ya vipimo inakataza: gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo amekuwa akilipigia kelele jambo hili kwa miaka.

Niliwahi kutengeneza kanzidata ndogo kwa ajili ya kituo kimoja cha kukusanyia mazao. Nilijua sheria, na nilijivuna kuijua. Kwenye safu ya uzito nikaweka sharti: iwe zaidi ya sifuri, isizidi 100. Siku ya kwanza ya kazi karani wa mizani, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine yako inakataa gunia."

Nikasogea. Gunia lilikuwa juu ya mizani, kilemba chake kimefumwa vizuri kama kofia. Mshale ulisoma 128. Kwenye kioo maandishi mekundu yalisema uzito si sahihi.

"Niandike ngapi?" akauliza. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu.

"Andika mia kwanza, mzee. Nitarekebisha baadaye."

Hakuna baadaye iliyofika. Aliandika mia kwa gunia hilo, na kwa yote yaliyofuata. Msimu ulipoisha, kanzidata ilionyesha kwamba kituoni pale hakuna lumbesa hata moja iliyopita. Kilo zote zilizokuwa kwenye vilemba zilikuwa zimetoweka, kwenye gunia na kwenye kumbukumbu pia. Kanuni niliyoiweka kwa nia ya kumlinda mkulima ndiyo iliyoficha kuibiwa kwake. Tumezoea kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile nilijifunza kwamba mali inaweza kupotea na daftari likiwepo, kama daftari limekatazwa kusema kweli.

Kosa langu lina jina. Nilichanganya lisilowezekana na lisiloruhusiwa. Gunia la kilo zilizopungua sifuri haliwezekani. Namba kama hiyo ikiingia, karani amekosea kuandika, na kanzidata ina haki ya kuikataa. Gunia la kilo 128 haliruhusiwi, lakini lipo, limekaa juu ya mizani, na watu wanne wanaliona. Kanzidata ikilikataa, inakataa kuiona dunia. Mwaka 2008 taasisi ya viwango vya programu iitwayo OMG ilichapisha utaratibu wa kuandika kanuni za kazi ambao unazitenganisha aina hizi mbili, na mtu yeyote anayebuni mifumo anapaswa kuzitenganisha hata kama hajawahi kuusoma.

Lisilowezekana likataliwe mlangoni. Lisiloruhusiwa lipokewe, litiwe alama, liandikiwe sababu, na lipelekwe kwa mwenye mamlaka ya kulishughulikia. Na kile kikomo cha kilo 100 kisifichwe ndani ya programu, mahali ambapo mwandishi wa programu peke yake anaweza kukifikia. Kiwekwe kwenye jedwali la kanuni, pamoja na chanzo chake na tarehe iliyoanza kutumika, kwa sababu kanuni nayo imekalia kiti: mtu aliitunga siku moja, na mtu mwingine anaweza kuibadilisha.

Kabla hujafungua kompyuta

Ukipewa kazi ya kubuni kanzidata, anza na kalamu. Andika kila kanuni kwa Kiswahili, sentensi moja kwa kanuni moja, kwa maneno ambayo wenye kazi wanayatumia. "Kata ina halmashauri moja kwa wakati mmoja." "Mmea una majina mengi, na kila jina lina mtoa jina na mwaka." "Gunia lisizidi kilo 100." Mbele ya kila sentensi andika kama kinyume chake hakiwezekani au hakiruhusiwi. Kisha nenda kwa karani, mtendaji wa kijiji, muuguzi wa kliniki au mpima mizani, umsomee kwa sauti, na umuulize ni lini aliona sentensi hiyo ikivunjwa. Akikuambia "jana", usimwambie kwamba haiwezekani. Andika alichokuambia, na ukijengee mahali pa kukaa.

Mzee yule wa mizani alijua yote haya kabla sijafika. Alijua gunia lina kilo ngapi, alijua sheria inasemaje, na alijua mkulima anapoteza nini. Aliniuliza swali moja la haki, nami nikampa jibu la haraka. Msomaji, karani wako akikuuliza aandike ngapi, simama, tazama mizani pamoja naye, na umwambie aandike inachosoma.